Nani anampokea mkutubi mpya wa kidijitali Bukavu?

Vyuo vikuu vya Bukavu vimeanza kuajiri watu ambao miaka 20 iliyopita hatukuwa nao: wakutubi wa kidijitali. Mara nyingine tangazo linabandikwa, mara nyingi habari inapita mdomo kwa mdomo. Kijana anapeleka barua, anaitwa, anaonyeshwa chumba chenye kompyuta chache na seva iliyowekwa pembeni, anaambiwa karibu kazini. Baada ya hapo kila mtu anarudi kwenye shughuli zake. Wiki ya kwanza anaitwa sekretarieti, printa imekwama. Wiki ya pili projekta ya ukumbi ambamo wanafunzi hutetea kazi zao haiwaki na juri imeshaketi. Wiki ya tatu mkuu wa idara fulani anamletea laptopu ya mtoto wake. Mwaka unapoisha, hazina ya kidijitali aliyoajiriwa kuijenga, yaani mahali pa kuhifadhi kazi za chuo kwenye kompyuta, ina faili chache za majaribio, na yeye ameshapeleka barua kwenye ONG (shirika lisilo la serikali) inayotafuta mtu wa kusimamia data.

Jambo hili linaniuma, kwa sababu tunapoteza vijana wazuri na kumbukumbu za vyuo vyetu kwa pamoja. Na kila tunapolizungumza tunaishia kwenye vifaa: umeme hautoshi, mega za intaneti ni ghali, seva ni ya zamani. Yote ni kweli. Hata hivyo nimeona maktaba yenye vifaa vipya, vingine bado vikiwa ndani ya plastiki yake, ikikaa na hazina tupu; na nimeona nyingine yenye mashine mbili zilizochoka ikifanya kazi ya kuheshimika. Kilichozitofautisha ni mapokezi: nani aliketi na yule mpya, alikabidhiwa nini kwa maandishi, na alipewa idhini ya kumdai nani. Mkutubi wa kidijitali hawezi kuizoea peke yake kazi ambayo nyumba yenyewe haijaamua ni kazi gani. Kumzoesha ni jukumu la maktaba na la uongozi wa chuo, na linapaswa kupangwa kabla hajafika.

Tuanze na kazi yenyewe, maana mkanganyiko unaanzia hapo. Mkutubi wa kidijitali anasimamia katalogi ya vitabu kwenye programu kama PMB ya Wafaransa, au Koha, iliyozaliwa katika maktaba ndogo za Horowhenua, New Zealand, na kuanza kutumika Januari 2000. Anajenga hazina ya kazi za chuo, kwa kawaida kwenye DSpace, programu iliyotolewa mwaka 2002 na chuo cha MIT pamoja na kampuni ya HP. Anasajili chuo kwenye Research4Life, mpango unaozifungulia nchi zenye kipato kidogo majarida ya kisayansi. Kongo imo katika kundi linaloingia bila kulipa, kuanzia Hinari ya afya iliyofunguliwa mwaka 2002 hadi AGORA ya kilimo iliyofuata mwaka 2003. Kwa kuwa sehemu kubwa ya Hinari ni Kiingereza, anawaonyesha wanafunzi pia HAL na Persée, tovuti za Ufaransa zenye makala nyingi za Kifaransa. Anawasaidia watafiti kupanga marejeo yao kwa programu ya Zotero. Anachagua kipi kiskaniwe kwanza, anakiandikia maelezo, anahakikisha faili itafunguka hata baada ya miaka 30.

Printa haimo. Lakini machoni pa wengi anayeijua kompyuta ni wa kompyuta zote, na kijana mgeni hana ujasiri wa kumwambia katibu wa fakulte kwamba ana kazi nyingine. Tena wengi wao wametoka idara za informatiki. Waliosoma ukutubi ni wachache, kwa sababu shule zenye jina katika fani hiyo ziko mbali nasi: Kinshasa, Dakar kwenye shule ya EBAD, Kampala kwenye chuo kikuu cha Makerere. Hivyo anaingia mtu anayeijua seva na hajawahi kuorodhesha kitabu, kwenye nyumba ya watu walioorodhesha vitabu maisha yao yote na hawajawahi kuigusa seva.

Mwaka 1979 watafiti wawili wa Marekani, John Van Maanen na Edgar Schein, waliandika juu ya namna mashirika yanavyowaingiza wapya kazini. Kati ya tofauti walizozionyesha, moja inatugusa moja kwa moja. Kuna mpya anayefundishwa na yule aliyekuwa akiifanya kazi hiyo kabla yake, na kuna mpya anayeingia mahali ambapo hapakuwa na mtu. Wa kwanza anarithi njia za kufanya kazi pamoja na makosa yake. Wa pili ana nafasi ya kubuni, ila hana wa kumuuliza, na anachobuni kinachukuliwa kuwa mambo yake binafsi. Wakutubi wetu wa kidijitali karibu wote ni wa aina ya pili. Anayepanga rafu kwa mara ya kwanza ana mtu wa kumwonyesha. Anayeanza kwenye dawati la kuazimisha ana mama aliyekaa hapo miaka, anayemjua mwanafunzi asiyerudisha vitabu. Yule wa kidijitali ana kiti kipya na mwongozo wa programu.

Nitoe mfano mmoja na niuangalie kwa karibu, kwa sababu karibu kila ninachotaka kusema kimo ndani yake: majina ya waandishi.

Fomu ya DSpace inauliza jina la ukoo, kisha jina la kwanza. Mfaransa analijibu swali hilo bila kufikiri. Kwa Mkongomani ni historia nzima. Mwaka 1972 utawala wa Mobutu uliyaondoa majina ya Kikristo, watu wakabaki na jina na postinomu, yaani jina la pili linalolifuata. Baada ya mwaka 1990, siasa zilipofunguka, prenomu, yaani majina ya kwanza kama yale ya Kikristo, zikarudi kwenye karatasi. Chukua profesa aliyemaliza masomo mwaka 1984: memwari yake, ile kazi ya kumaliza masomo, ina jina na postinomu tu. Tezi yake ya udaktari ya miaka ya 1990 ina vyote vitatu. Makala aliyochapisha Ubelgiji mwaka 2010 inaanza na prenomu, na postinomu imekatwa ikabaki herufi moja, au imechukuliwa kuwa ndiyo jina la ukoo. Kijana akiifuata fomu kwa uaminifu anamwingiza mtu mmoja mara tatu. Anayemtafuta kwa jina anapata sehemu tu ya kazi zake na kudhani ndizo zote. Google Scholar nayo inayazoa makosa hayo kama yalivyo na kuyapeleka duniani.

Katika maktaba moja hapa mjini nilimkuta kijana akipambana na jambo hili. Alikuwa na orodha ndefu ya waandishi kwenye skrini, akijaribu kuunganisha waliofanana kwa kubahatisha. Meza ya pili aliketi mzee aliyeshughulikia fishi, zile kadi za katalogi, tangu enzi za Zaire. Kijana hakumuuliza, mzee hakusema. Aliyewaunganisha ni mama wa dawati: “Papa, njoo umwangalilie mtoto, hawa watu unawajua wewe.” Mzee alivuta kiti, akavaa miwani, akaanza kuonyesha kwa kidole. Huyu na huyu ni mmoja, alikuwa asistenti wa historia. Huyu ni mdogo wake, jina ni lile lile, tazama postinomu. Huyu hapa ni mwanamke, mara hii mmeandika jina la mume. Walipotofautiana walikwenda kwenye droo, na droo mara nyingi ilikuwa na jibu, kwa kuwa mzee alikuwa na desturi ya kuandika kwa penseli, nyuma ya kila fishi, fakulte na mwaka. Hakuna aliyemwagiza kufanya hivyo. Aliona tu kwamba majina yanachanganya. Kabla ya saa sita mchana walikuwa wamesafisha herufi mbili za alfabeti, na kijana alikuwa anauliza swali baada ya swali, Papa huyu je, Papa na huyu.

Hakuna programu inayoweza kufanya kazi ile bila mtu anayewajua watu. Namba ya ORCID, ile ya tarakimu 16 iliyoanza kutolewa mwaka 2012, inawasaidia watafiti walio hai na walio tayari kujisajili. Haiwasaidii marehemu, na rafu zetu zimejaa kazi za marehemu. Kwa upande mwingine ujuzi wa mzee yule, ukibaki kwenye penseli nyuma ya karatasi, utaondoka pamoja naye, au utaliwa na unyevu wa Bukavu ambao hauna huruma na karatasi.

Mada ya kazi nayo ni vile vile. Maelezo ya msingi ya faili kwenye hazina nyingi yanafuata kanuni iitwayo Dublin Core, yenye vipengele 15, na kimojawapo ni mada. Mgeni asiyesoma ukutubi ataandika kilimo kwenye memwari zote za agronomia, na mwanafunzi akitafuta atapata mamia. Mzee aliyelelewa na CDU, ule mpangilio wa kuainisha vitabu kwa namba wa Otlet na La Fontaine wa Brussels, hata hafikirii mara mbili: muhogo unakwenda 633, ndizi 634, ng'ombe 636. Akitoa nusu siku kuandika orodha ya mada ambazo chuo chake kinazitumia kweli, amempa mwanafunzi wa Kabare au Walungu njia ya kuipata memwari iliyoandikwa juu ya shamba la kijijini kwao.

Kwa nini basi hawakuwa wakizungumza wale wawili? Sidhani ni tabia mbaya ya yeyote. Wazee wengi wa maktaba zetu wamepita umri wa kustaafu, na wanaendelea kuja kazini kwa sababu kuondoka bila malipo ya mwisho ni kuipeleka familia kwenye umaskini. Kwao kompyuta inapoingia ni kama barua ya kuwarudisha nyumbani imeshaandikwa, inasubiri tarehe. Anayenyamaza na fishi zake anashika kilichobaki mkononi. Kijana naye ameletwa kwa maneno makubwa, kwamba anakuja kuiamsha maktaba iliyolala, na maneno hayo yamewafikia waliokuwa macho humo muda wote. Anaona nyuso zimefungwa, anajifungia na seva yake.

Mkurugenzi wa maktaba ndiye mwenye uwezo wa kulivunja hilo, na si kwa semina. Aseme mbele ya wote, siku kijana anapotambulishwa, kwamba hakuna nafasi ya mtu inayoondolewa. Kisha atoe kazi ya kwanza yenye majina mawili, la mzee na la kijana, na ripoti yake itiwe saini na wote wawili. Mimi ningekwenda mbali zaidi: miezi 3 ya kwanza mkutubi wa kidijitali asijenge kitu chochote kwenye seva. Akae dawatini asubuhi, apange rafu, aorodheshe vitabu kwa mkono, asikie wanafunzi wanauliza nini na wanaondoka bila nini. Najua wakuu wa miradi watalalamika, kwamba mfadhili anataka kuona idadi ya faili kabla ya Desemba. Basi mradi uandikwe na miezi hiyo ndani yake. Faili zilizoingizwa haraka na mtu asiyeijua maktaba nimeziona zikiingizwa upya, na ile mara ya pili haina mfadhili.

Sasa tuje kwenye hadhi na malipo, ambayo watu huyasema pembeni tu. Katika vyuo vya serikali mwajiriwa mpya anaweza kukaa muda mrefu akiwa N.U. (nouvelle unité), yaani amepokelewa kazini na hajaingizwa kwenye orodha ya mishahara ya serikali. Anaishi kwa primi, yaani posho, ya chuo, inayotoka kwenye pesa za wanafunzi, na pesa za wanafunzi zikichelewa naye anachelewa. Vyuo vya binafsi vina taratibu zao, lakini mkataba wa mradi wa mwaka mmoja mmoja hautofautiani sana kwa anayelipa nyumba mtaani Kadutu. Mtu wa namna hiyo hata akiipenda kazi yake, masikio yako nje.

Kuna hadhi pia. Chuo kinawagawa watu wake: upande mmoja walimu na watafiti, upande wa pili wafanyakazi wa utawala na ufundi. Mkutubi wa kidijitali huwekwa upande wa pili, na pengine ni sawa kiutawala. Ila kazi yake ni kuwadai watu wa upande wa kwanza. Anatakiwa kumwendea profesa na kumwambia, kwa heshima, makala yako ya mwaka jana haijafika kwetu, naomba faili. Anatakiwa kumwambia mkuu wa idara kwamba memwari 12 zilizotetewa Julai hazipo. Kwa desturi zetu kijana hamdai mzee, na mfanyakazi wa ofisi hamdai profesa. Asipopewa barua inayosema anadai kwa niaba ya nani, atadai mara moja, atajibiwa vibaya, hatarudi. Nimesikia watu wakiwalaumu vijana hao kuwa hawana bidii. Wapeni barua kwanza.

Memwari zenyewe zinaonyesha gharama ya ukimya huo. Chukua moja ya miaka ya 2000 au 2010 kutoka kwenye rafu, fungua jalada la nyuma. Mara nyingi utakuta bahasha ndogo ya plastiki imegandishwa kwa gundi, na ndani yake CD, kwa sababu mwanafunzi alitakiwa kuleta nakala ya kielektroniki. Lilikuwa wazo zuri. Ila hakuna aliyepewa kazi ya kuzifungua CD hizo siku zilipoletwa. Kijana anapozifungua leo, kwanza atafute mashine yenye mahali pa kuingizia CD, maana laptopu mpya hazina. Kisha anakuta moja imekwaruzwa, nyingine imeunganishwa na gundi, nyingine haijawahi kuandikwa kitu, mwanafunzi alileta CD tupu ili sekretarieti impigie muhuri. Iliyosomeka ina faili ya Word yenye virusi na kurasa za jalada peke yake. Chuo kilidai, mwanafunzi akaleta, muhuri ukapigwa, na nakala ya kielektroniki haipo. Kama mtu mmoja angekuwa na wajibu wa kuifungua kila CD kabla ya muhuri, tungekuwa leo na hazina ya miaka 15 bila kuskani ukurasa mmoja.

Jambo la manenosiri ni fupi lakini linaua. Kijana anapoanza, chuo hakina utaratibu, kwa hiyo anafungua akaunti kwa barua pepe yake mwenyewe: ya Research4Life, ya seva, ya jina la tovuti. Pengine hata jina la tovuti linalipiwa kwa kadi ya rafiki yake aliye ng'ambo, kwa sababu mhasibu hana njia ya kulipa mtandaoni. Siku anapopata kazi Kinshasa au Kigali anaondoka nazo, bila nia mbaya. Anayemfuata anakuta mlango umefungwa na anaanza mwanzo, na hapo tunarudi kwa yule mpya asiye na wa kumtangulia, ingawa safari hii wa kumtangulia alikuwepo. Akaunti zote ziwe kwa anwani ya maktaba, manenosiri yakae kwenye bahasha iliyofungwa katika kasha la mkurugenzi, na watu wawili waweze kuingia kwenye seva tangu mwezi wa kwanza. Haya hayahitaji mfadhili. Yanahitaji mtu wa kuyaamuru.

Umeme siwezi kuuruka. Bukavu inategemea mto Ruzizi: Ruzizi I ilianza kazi mwishoni mwa miaka ya 1950, Ruzizi II mwaka 1989, na hiyo ya pili tunagawana na Rwanda na Burundi. Mji umekua kuliko mitambo hiyo, na kila anayefanya kazi na mashine hapa amejifunza kupanga siku yake kwa kukatika kwa umeme. Kwa mkutubi wa kidijitali maana yake ni kwamba sehemu ya kazi lazima iwezekane gizani: kuhakiki majina kwenye karatasi, kuchagua vitu vya kuskani, kwenda kwenye fakulte kukusanya faili kwa flashi. Ripoti yake inayoangalia idadi ya faili kwenye seva peke yake haioni kazi hiyo. Ni vizuri wanaompima walijue hilo kabla ya kuandika kwamba hazalishi.

Na kuna vita. Mwisho wa Januari 2025 Goma ilichukuliwa na waasi wa M23, katikati ya Februari ikawa zamu ya Bukavu. Benki zilifunga milango, watu walitawanyika. Katika hali hiyo seva moja kwenye chumba kimoja ni hatari kubwa kuliko rafu ya vitabu, kwa kuwa mtu mmoja anaweza kuibeba chini ya mkono. Chuo cha Stanford kiliizindua LOCKSS, mpango wa kuhifadhi faili, mwaka 1999 juu ya wazo la kuweka nakala nyingi mahali pengi, na wazo hilo halihitaji teknolojia ya Stanford. Diski 3 za nje, moja maktabani, moja katika chuo rafiki cha mji huu huu, moja mbali na jimbo, zikibadilishwa kila mwezi, ni kazi anayoiweza mkutubi wa kidijitali yeyote akipewa diski na ruhusa. Bukavu ina Chuo Kikuu cha Kikatoliki tangu mwaka 1989, chuo cha Kiinjili cha UEA kule Panzi tangu 1991, Chuo Kikuu Rasmi kule Karhale tangu 1993, ina ISP, chuo cha ualimu, na ukipanda upande wa Katana kuna Lwiro, kituo cha utafiti kilichoanzishwa na Wabelgiji mwaka 1947 kwa jina la IRSAC, chenye maktaba ambayo watafiti wa sayansi za viumbe bado wanaifuata. Vyote hivi vina, au vitakuwa na, mtu mmoja mmoja anayefanya kazi hii. Kila mmoja wao akibaki peke yake ofisini mwake, hana mwenzake wa fani. Wakikutana mchana mmoja kwa mwezi, chuo hiki mwezi huu, kile mwezi ujao, watu hawa wasio na mtangulizi watakuwa angalau na wenzao. Wakurugenzi wawape ruhusa na pesa ya taksi.

Presha ya wanafunzi nayo inaongezeka. Sheria ya msingi ya elimu ya Februari 2014 ilifungua njia ya LMD, yaani mfumo wa lisansi, masta na udaktari, na tangu mwaka wa masomo 2021–2022 mfumo huo umeenea nchini. Lisansi, shahada ya kwanza ya kredi 180, inahesabu saa ambazo mwanafunzi anafanya kazi mwenyewe, nje ya darasa. Atazifanya wapi kama maktaba haina kitu cha kumpa? Mwanafunzi huyo anayekuja na simu yake kuomba makala moja juu ya malaria au juu ya haki ya ardhi ndiye anayemfanya mkutubi mpya ajisikie amefika mahali pa kazi. Nimemwona kijana aliyekuwa amekata tamaa akibadilika kabisa baada ya kuanza kufundisha kikundi kidogo cha wanafunzi wa afya kutafuta kwenye Hinari kila Jumatano. Alikuwa na watu wanaomngojea. Profesa wao alikuja mara moja kuona, akarudi na faili za makala zake mwenyewe bila kudaiwa.

Kwa hiyo kabla ya utetezi wa mwaka huu kuanza, ningependa kila katibu mkuu wa masomo atie saini ukurasa mmoja. Useme kwamba diploma haitolewi hadi mkutubi wa kidijitali amepokea faili, ameifungua mbele ya mwanafunzi, na wamejaza pamoja fomu ya jina, postinomu, prenomu, mada na mwaka. Useme pia kwamba nakala ya fomu inakwenda kwa mzee wa katalogi ahakiki jina kabla halijaingia kwenye hazina. Chini ya saini ya katibu mkuu yawekwe majina ya wote wawili pamoja na namba ya ofisi yao, na ukurasa ubandikwe kwenye mlango wa kila sekretarieti ya fakulte, wanafunzi waujue kabla hawajalipia kuchapa memwari zao.